Sogeza kiti kwanza: filamu kubwa ukumbini na sebuleni Kisumu

Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, uisimamishe mbele ya runinga ya inchi 32 inayoonyesha filamu pana, zile zenye mistari myeusi juu na chini. Kutoka mstari wa juu hadi wa chini, picha inatoshana na rula hiyo. Ndani ya kimo hicho ndimo linamotakiwa kuenea jangwa lote, jeshi lote la farasi, mji mzima unaoteketea usiku. Mtu akiitazama filamu ya namna hiyo kutoka kochi la upande wa pili wa sebule, kisha akasema haikumgusa, simlaumu yeye wala mwongozaji. Picha haikumfikia.

Kila filamu ya kushibisha macho inapofika Kisumu, swali huwa lile lile: nilipe tiketi, au nisubiri iingie mtandaoni niitazame nyumbani? Runinga za siku hizi ni nzuri sana, na kwa mambo kadhaa zinaushinda ukumbi waziwazi. Lakini liko jambo moja linaloamua mengine yote, na halihusu bei ya runinga. Ni pembe, yaani picha imeshika sehemu gani ya jicho lako.

Keti, tazama mbele. Vuta mstari kutoka jichoni hadi ukingo wa kushoto wa picha, na mwingine hadi ukingo wa kulia. Pembe iliyo katikati ya mistari hiyo miwili ndiyo ukubwa wa kweli wa picha kwako, haidhuru kwenye boksi pameandikwa inchi ngapi. Wahandisi wa sinema wa chama cha SMPTE cha Marekani wameweka digrii 30 kuwa kiwango cha kuanzia. THX, kampuni inayothibitisha ubora wa kumbi za sinema, wao hupendekeza digrii 36 kwa kiti cha nyuma kabisa ukumbini. Sasa tupime nyumbani. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Sebule nyingi za Milimani, Mamboleo au Kondele zimepanga makochi kuzunguka kuta, runinga iko kwenye kabati la ukutani, na kutoka kochi hadi kioo ni mita 3.5. Hapo unapata digrii 15 tu, nusu ya kile kiwango cha kuanzia. Ukumbini, mbele ya skrini ya upana wa mita 10, kiti kilicho mita 13 kutoka skrini kinakupa digrii 42.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua mkopo wa runinga kubwa, sogeza kiti. Pima upana wa picha kwa futi ya fundi cherehani, upana wenyewe, si ule mshazari wa inchi za dukani, kisha zidisha kwa 1.9. Jibu ni umbali unaokupa digrii 30. Kwa inchi 32 ni mita 1.3, kwa 43 ni mita 1.8, kwa 55 ni mita 2.3, kwa 65 ni mita 2.7. Ukitaka digrii 40, ambazo ni kiti kizuri cha ukumbini, zidisha kwa 1.4. Makochi yetu yamepangwa kwa ajili ya wageni kuonana uso kwa uso, na huo ni mpango mzuri wa kupokea wageni, lakini si wa kutazama sinema. Kiti cha plastiki cha uani kikiwekwa pahali sahihi kinakupa picha kubwa kuliko runinga mpya iliyoachwa ukutani kule mbali.

Wengine huogopa kukaa karibu kwa kudhani wataona vijidoa vya picha. Kwenye inchi 43 ya HD kamili, pikseli 1920 zimegawana sentimita 95, kila moja nusu milimita. Kwa umbali wa mita 1.8, jicho zuri linafikia ukomo wake hapo hapo, halizitenganishi. Utakachoona ukisogea karibu ni kasoro za faili lenyewe, na hilo nitalifikia.

Hii pembe inavyofanya kazi inaonekana vizuri kabisa kwenye Lawrence of Arabia, filamu ya David Lean ya mwaka 1962. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 65, ambayo picha yake moja ni kubwa mara kadhaa kuliko ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Kuna onyesho la kisimani jangwani ambapo Omar Sharif anatokea mbali sana juu ya ngamia, ndani ya mazigazi. Mpiga picha Freddie Young alitumia lenzi ndefu ya milimita 482 kwa onyesho hilo. Mwanzoni hakuna kitu ila joto linalotetemeka. Kisha kuna nukta. Kisha nukta ina miguu. Onyesho zima limejengwa juu ya kutokuwa na hakika: kuna mtu pale, au macho yananidanganya?

Tuseme nukta hiyo ni sehemu moja kati ya 400 za upana wa picha. Kwenye skrini ya mita 10, hiyo ni sentimita mbili na nusu, kama kifuniko cha chupa ya soda kilichobandikwa ukutani. Kwenye runinga ya inchi 32 ni milimita 1.8, ncha ya kiberiti, na wewe uko mita tatu na nusu. Kwenye DVD, ambayo ina pikseli 720 tu kwa upana, nukta hiyo imepewa pikseli mbili, wala hazijatimia. Kwenye nakala ya 4K ya ukumbini, yenye pikseli 4096, inapata kumi. Ndiyo maana aliyeiona filamu hiyo kwa DVD sebuleni anakwambia onyesho hilo ni refu na linachosha. Kwake hakukuwa na kitu cha kusubiri. Mtu alitokea ghafla akiwa tayari mkubwa.

Tuje kwenye faili. Filamu inayofika ukumbini siku hizi huja kwa diski ngumu au kwa mtandao, ikiwa faili linaloitwa DCP, na kiwango chake cha juu ni megabiti 250 kwa kila sekunde (biti nane ni baiti moja). Filamu ya saa mbili kwa kiwango hicho ni gigabaiti 225. Diski ya Blu-ray ya HD inaruhusu video hadi megabiti 40, na DVD ni 9.8. Huduma za mtandaoni hutaka intaneti ya megabiti 15 hivi kwa 4K na 5 kwa HD. Ile nakala ya megabaiti 700 inayopitishwa kwa flashi mtaani, ukigawa kwa saa mbili, haifikishi hata megabiti moja kwa sekunde.

Tofauti hii huwezi kuiona kwenye watu wawili wanaozungumza mezani. Programu ya kubana video hufanya akiba kwa kusema: ukuta huu ni ule ule wa picha iliyopita, usiuchore tena. Mazungumzo yanabanika bila madhara. Lakini maji ya ziwa yenye mawimbi, mvua, vumbi, moshi, majani ya mpunga wa Ahero yakipigwa na upepo, hayo hubadilika kila sehemu kwa kila picha, na picha ni 24 kwa sekunde. Hakuna cha kukopa kutoka picha iliyopita. Programu ikikosa nafasi inaanza kupaka: mawimbi yanageuka matope, mchanga unageuka plastiki, na anga la machweo linakatika kuwa ngazi za rangi badala ya kuteleza kutoka chungwa hadi zambarau. Kwa maneno mengine, kile kile kilichofanya filamu iwe ya kushibisha macho ndicho kinachokuwa cha kwanza kuliwa.

Basi kama unatazama nyumbani, lipia chanzo kizuri kabla ya kulipia kioo kikubwa. Kwa bando hesabu hivi: HD ya megabiti 5 kwa saa mbili ni gigabaiti 4.5; 4K ya megabiti 15 ni gigabaiti 13.5. Jioni ya Jumamosi mtaa mzima uko mtandaoni, na huduma hushusha ubora yenyewe bila kukuuliza. Kama programu yako inaruhusu kupakua, chagua ubora wa juu kabisa, pakua asubuhi, tazama usiku. Faili lako halali likizidi gigabaiti 4 halitakubali kuingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, hata kama flashi ni ya gigabaiti 64 na iko tupu. Litakataliwa na utadhani flashi ni bandia. Ifomati kwa exFAT au NTFS, lakini kwanza hakikisha runinga yako inaisoma hiyo exFAT, kwa maana nyingi za zamani haziisomi. Na nakala zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, zenye vichwa vya watu chini na kikohozi pembeni, ziache. Rangi zimeoshwa, kingo zimekatwa, sauti ni mwangwi. Hata bure ni ghali.

DVD ina tatizo jingine ambalo wachache hulijua. Mfumo wetu wa PAL hutaka picha 25 kwa sekunde, filamu ina 24, kwa hiyo watengenezaji huikimbiza tu. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115 na ushei, na sauti za waigizaji, zisiporekebishwa, zinapanda kidogo. Muziki mzito wa tarumbeta unapungukiwa uzito bila wewe kujua sababu.

Sasa mipangilio ya runinga. Inatoka kiwandani ikiwa katika hali ya kung'arisha rangi, kwa sababu lazima ivutie chini ya taa kali za dukani. Iweke kwenye hali inayoitwa Cinema, Movie au Filmmaker. Mara ya kwanza utaona imekuwa ya manjano na hafifu. Ipe nusu saa, macho yatazoea, na ngozi za watu zitarudi kuwa ngozi. Zima kabisa ulainishaji wa mwendo. Kila kampuni imeubatiza jina lake, lakini kazi ni ile ile: kubuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, hadi filamu ya mamilioni inafanana na kipindi cha vichekesho cha studio. Punguza ukali wa kingo, kwa maana ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka milima si wa mlima. Halafu ile mistari myeusi juu na chini, usiiondoe kwa kitufe cha kukuza. Ukiikuza filamu pana hadi ijaze kioo, umekata robo ya picha pembeni, na mara nyingi farasi wa pili na wa tatu walikuwa huko.

Kuhusu HDR, yaani picha iliyotengenezwa kuonyesha mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi, nina maoni yangu. Kwenye runinga nzuri inayofikisha mwangaza wa kandela 1000 kwa mita mraba, jua likimulika upanga unafumba jicho, na hakuna ukumbi wa kawaida unaoweza hilo: skrini ya ukumbi imewekwa kandela 48 tu. Lakini runinga ya bei nafuu yenye kandela 250 au 300 inapokea ishara ya HDR, inashindwa kuifikia, na inaishia kutia picha yote giza. Kama ndiyo uliyo nayo, zima HDR, utazame nakala ya kawaida. Utaona zaidi.

Na hapo ndipo nyumbani kunapoushinda ukumbi kwa haki: giza. Projekta ya ukumbini huvujisha mwanga hata inapotakiwa kuonyesha weusi, na juu ya mlango kuna taa ya kutokea ambayo sheria haikubali izimwe. Usiku wa sinema ukumbini ni kijivu. Runinga ya OLED huzima kila pikseli yake peke yake, na usiku unakuwa usiku. Kwa asiyeifikia OLED, kioo cha LCD cha aina ya VA kina weusi mzuri kuliko cha IPS, ila anayekaa pembeni anaona rangi zimefifia. Filamu inayotegemea anga za juu, mapango na mishumaa, mimi ningeitazama nyumbani bila kusita. Filamu ya jangwa, bahari, milima na umati, hapana.

Lakini giza la runinga linahitaji giza la chumba, na nyumba zetu hazikujengwa kwa hilo. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kabla ya saa moja na robo usijisumbue. Pazia zito utalipata mitumba ya Kibuye. Linalosahaulika ni yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Taa ya ulinzi ya ploti inapita humo, inakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha runinga, na unatazama vita vya usiku huku umechorewa safu ya miraba myeupe katikati ya uwanja wa vita. Kata katoni, ipake rangi nyeusi isiyong'aa, iegemeze kwa muda wa filamu kwa upande wa taa tu, uache matundu ya upande mwingine wazi. Joto la hapa halitaki mchezo. Ukiziba kila kitu, kufikia saa ya pili watu wanajipepea kwa kadi za mwaliko na hakuna anayeangalia filamu. Weka pia taa ndogo hafifu nyuma ya runinga, ikimulika ukuta, isiyoonekana yenyewe. Inapumzisha macho na kufanya weusi uonekane mweusi zaidi.

Sauti ndiyo nusu ya pili ya ukubwa, na hapa ukumbi unashinda kwa mbali. Spika za mbele ziko nyuma ya skrini yenyewe, ambayo ina matundu madogo madogo, kwa hiyo neno linatoka mdomoni mwa anayesema. Kiwango cha kila spika ya mbele hupimwa desibeli 85 kwa sauti ya majaribio, na kishindo kikija kinaweza kufika 105. Runinga nyembamba ina spika mbili za wati 10 zinazotazama chini kwenye kabati. Hata ufanye nini, meli haitaunguruma.

Watu wengi hapa hutatua hilo kwa wufa, na kosa hutokea kwenye kuiunganisha. Filamu imewekwa maneno yake karibu yote kwenye spika ya katikati. Ukiunganisha seti ya spika tano kwa zile waya za nyekundu na nyeupe, njia mbili tu zinapita, na kama kifaa hakijaambiwa kuchanganya sauti zote kuwa stereo, mazungumzo yanazama. Ndipo mtu anaongeza sauti asikie maneno, bomu linalipuka, jirani anagonga ukuta. Tumia HDMI yenye ARC, tundu linalorudisha sauti kutoka runinga hadi kwenye spika, au waya wa mwanga (optical) kama seti yako inaukubali. Kama una wufa ya spika mbili tu, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stereo, na kama kuna hali ya usiku iwashe ukiwa kwenye ploti ya kuta za pamoja. Bluetooth iache kwa muziki. Huchelewesha sauti milisekunde 150 hadi 200 kwa kawaida, ambazo ni picha nne hivi za filamu. Upanga unagonga kimya, mlio unafuata.

Wufa usiiweke kwenye kona, ambako besi inavimba na kuwa mngurumo wa aina moja kwa kila kitu, wala ndani ya kabati la ukutani. Kabatini kuna glasi za wageni. Sikiliza: kishindo cha kwanza cha filamu kikipita, kuna kilio chembamba kinachobaki nyuma yake, na watu hudhani spika imepasuka. Ni glasi mbili zinazogusana. Iteremshe wufa sakafuni, sentimita 30 kutoka ukutani, na uzitenganishe glasi kwa kitambaa.

Juu ya yote kuna mabati. Mvua za Machi hadi Mei hupenda kuanguka alasiri na jioni, zikitokea upande wa milima ya Nandi au ziwani, na nyumba isiyo na siling bodi inakuwa ngoma. Hakuna wufa inayoshindana na hiyo. Washa maandishi ya chini, au simamisha filamu mnywe chai mpaka ipungue. Kuongeza sauti ni kuchosha masikio bure.

Projekta inaonekana kuwa jibu la yote haya, na inaweza kuwa, lakini soma namba. Zile ndogo za bei nafuu huandikwa lumeni 9000, yaani kiasi cha mwanga, kwenye boksi. Namba inayoaminika ni ya ANSI, inayopimwa kwa utaratibu rasmi, na nyingi kati yake ni 100 hadi 200. Mwanga wa ukumbini, kandela 48, kwenye picha ya inchi 100 unahitaji lumeni 416 za ANSI katika giza kamili. Projekta ya lumeni 150 inafikia mwanga huo kwenye picha ya inchi 60 tu. Ukiilazimisha kufika inchi 100, unapata theluthi moja ya mwanga, na mchana wa filamu unakuwa machweo. Angalia pia pikseli zake halisi: nyingi zina 800 kwa 480 ndani, huku zimeandikwa zinakubali 1080, maana yake zinaipokea picha kisha zinaitupa sehemu kubwa. Iweke usawa na ukuta. Ukiielekeza kutoka chini na kunyoosha picha kwa kitufe, unapoteza pikseli nyingine. Shuka la kitanda hupitisha mwanga na hutikisika na feni. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka lolote. Na ukionyesha uani au dirisha likiwa wazi karibu na ziwa, wadudu wa ziwani wataufuata mwanga hadi kwenye lenzi, kila mmoja akitupa kivuli cha ukubwa wa kuku juu ya skrini. Weka wavu dirishani, na uwashe taa nyingine mbali na hapo iwavute.

Umeme ukikatika, runinga haidhuriki sana ila projekta yenye balbu ya zamani inahitaji feni yake iendelee kuipoza. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, itakupa dakika chache, zinazotosha kuizima kwa utaratibu. Stima ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Kile kishindo cha kwanza cha umeme unaorudi ndicho huua vifaa.

Siwezi kupita bila kutaja vibanda vya video. Runinga ya inchi 43, mabenchi, watu ishirini, na mara nyingi filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili na dijei, mtindo ambao DJ Afro ameufanya maarufu nchi nzima. Sauti asilia inafunikwa, hilo ni kweli, na kwa filamu ya kushibisha macho ni hasara. Lakini pima lile benchi la mbele: mita 1.3 kutoka kwenye kioo. Hiyo ni digrii 40. Watoto wanaogombania benchi hilo wamepata kiti bora kuliko mwenye inchi 65 aliyekaa mita tano.

Ukiamua kwenda ukumbini, chagua 2D. Miwani na vichujio vya 3D hula mwanga. Kiwango chake ni kandela 15 hivi badala ya 48, na rangi zinakufa. Keti katikati ya safu, theluthi mbili kutoka skrini kwenda nyuma, ambako ndiko sauti huwa imepimwa. Huna haja ya kukimbilia siku ya kwanza. Zamani kopi ya filamu ilichubuka kila ilipopita mashineni. DCP ya onyesho la hamsini ni sawa na ya kwanza. Kinachochakaa ni balbu ya xenon ya projekta. Picha ikiwa hafifu hata kwenye mchana wa jangwani, au mazungumzo yakiwa chini kuliko mlio wa kiyoyozi, au kingo za picha zikimwagika nje ya skrini, toka umwambie mhudumu ndani ya dakika kumi za mwanzo. Mengi ni marekebisho madogo, na mara nyingi hakuna aliyeyafanya kwa sababu hakuna aliyesema.

Turudi kwenye ile nukta jangwani. Ukumbini, sentimita mbili na nusu kwa mita 13. Kwenye inchi 43 ya HD, nukta hiyo ni milimita 2.4, na ukikaa mita 1.3, jicho linaipata kwa ukubwa ule ule, karibu sawasawa. Chumba kiwe giza, faili liwe zito, sauti isipigane na glasi, na utamwona mpanda ngamia akitokea polepole kama alivyopangiwa kutokea. Ila kiti cha mita 1.3 ni cha mtu mmoja, au wawili wakibanana. Wa tatu tayari yuko pembeni, na nyumba yenye watu sita itabidi ipige simu kuuliza onyesho la saa kumi bado lina nafasi ngapi safu ya katikati.